Nilichonacho na Ninachodaiwa



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita nilikopa shilingi 40,000 kwa mwenzangu wa hosteli, nikaahidi kumlipa baada ya wiki mbili. Fedha zilipofika kutoka nyumbani nilinunua kanzu ya Idi, nikatia kidogo katika sanduku la msikiti, na yeye nikamwambia, "Inshaallah." Hakunidai tena. Mimi ndiye niliyeanza kumkwepa, hata nikawa natoka msikitini kabla watu hawajapeana mikono.

Kilichonizindua ni kamusi. Nilikuwa natafuta asili ya kitenzi cha Kiingereza "owe", yaani kudaiwa. Nikakuta kwamba katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kumiliki. Polepole maana ikahama: kutoka kuwa na kitu, ikawa kuwa na kitu unachopaswa kumlipa mtu, mwisho likabaki deni. Kumiliki kukabaki kwa nduguye, "own". Na "ought", neno la kueleza jambo linalompasa mtu, lilikuwa wakati uliopita wa "owe" hiyo hiyo. Kumbe kumiliki, kudaiwa na kupaswa ni matawi ya shina moja! Sisi nasi tuna "deni" na "dini", yote mawili kutoka Kiarabu, na herufi zake za asili ni zile zile: dal, ya, nun.

Mtu atasema asili ya neno si hoja. Ni kweli. Maneno hubadilika, na hukumu haitolewi na kamusi. Dalili zetu tunazo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Na Mtume (s.a.w.) alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipa, aliwaambia maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipojitwisha deni lile.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma darasani. Neno lile lilinionyesha tu mahali nilipojidanganya. Nilidhani fedha iliyo mkononi ni yangu, na deni ni jambo la baadaye. Kumbe kile nilichokuwa nacho ndicho nilichodaiwa. Nilitoa sadaka kwa haki ya mwenzangu, na "Inshaallah" yangu niliigeuza pazia.

Nilimpelekea fedha zake Alhamisi jioni. Alizipokea, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba naye alikuwa amekopa kwa mtu mwingine ili alipe kodi ya chumba. Deni langu lilikuwa limezaa deni, nami nikivaa kanzu mpya.

Ndugu msomaji, kabla ya Ijumaa ijayo hebu jiulize: katika hivyo ulivyonavyo, kipi ni cha mwenzako? Kama huna cha kulipa, usimkwepe. Nenda umwombe muda, kwani hiyo nayo ni haki yake.

Mwenyezi Mungu atuepushe na mzigo wa madeni, na atupe moyo wa kuyalipa. Amin.

Wallahu a'lam.