Dalili za Angani na Wajibu wa Kusema

Mtu mwenye elimu akiona dalili ya hatari, lakini asiwe na hakika nayo, je, anyamaze au aseme? Swali hili ni la zamani. Matabibu na manahodha walilijua kabla yetu. Siku hizi limepanda juu sana, hata kufika kilomita mia tatu juu ya vichwa vyetu, maana huko ndiko baadhi ya wataalamu wanakotafuta dalili za tetemeko la ardhi.

Msomaji atashangaa, na ana haki. Tetemeko huzaliwa chini, katika miamba. Anga ya juu yahusikaje? Basi na ajue kwamba kuanzia kilomita 80 hivi kwenda juu, miale mikali ya jua hung'oa elektroni katika chembe za hewa. Tabaka hilo la hewa yenye umeme huitwa ayonosfia, nalo ndilo linalorudisha duniani mawimbi ya redio, hata tukasikia usiku stesheni za nchi za mbali. Ardhi ikitikisika kwa nguvu huisukuma hewa kama ngozi ya ngoma ipigwavyo, na baada ya dakika kumi hivi msukumo huo hufika juu na kupimika. Jambo hilo halina ubishi. Lilionekana baada ya tetemeko kubwa la Alaska la mwaka 1964. Ubishi wote ni juu ya neno moja dogo: kabla.

Wako wasemao kwamba miamba inayobanwa hutoa gesi ya radoni, nayo huitia hewa umeme, na badiliko hilo hupanda mpaka kwenye ayonosfia. Ufaransa ilirusha setilaiti iitwayo DEMETER mwezi Juni 2004 kwa ajili ya uchunguzi huo, ikafanya kazi mpaka Desemba 2010. Watafiti walipojumlisha maelfu ya matetemeko, waliona kwamba mawimbi fulani ya redio hupungua nguvu usiku, saa chache kabla ya ardhi kutikisika. Yalipungua kidogo tu, kiasi kwamba katika tetemeko moja peke yake hapakuwa na la kutambua. Ukweli wa maelfu kwa jumla haumwambii mama mmoja kama awatoe watoto wake nje usiku huu.

Kisha likaja tetemeko la Japani la Machi 11, 2011, lenye ukubwa wa 9.0. Profesa Kosuke Heki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido alichunguza vipimo vya GPS, akaandika mwaka huohuo kwamba elektroni ziliongezeka juu ya eneo lile dakika 40 hivi kabla. Wengine wakampinga. Walisema mstari wa kawaida aliopimia ongezeko hilo ulichorwa kwa kutumia pia vipimo vya baadaye, wakati elektroni zilikuwa zimepungua. Na mtu akipimia toka shimoni, hata uwanda utaonekana kilima. Naye akawajibu, na majibizano hayo ni ya heshima, wala hakuna aliyedanganywa. Ila yatukumbusha maneno ya matangani: "Siku ile alipoondoka aligeuka mara mbili." Siku nyingine zote alizogeuka hakuna aliyezihesabu.

Kati ya wataalamu, kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kalamu. Kati ya watu wenye hofu mambo ni mengine, na ushahidi ni mji wa L'Aquila, Italia. Huko ardhi ilitikisika kidogo kidogo kwa miezi kadhaa mpaka mwanzo wa mwaka 2009. Fundi mmoja aliyepima radoni alitangaza kwamba tetemeko kubwa li karibu. Mji aliouhofia haukupatwa, akashtakiwa kwa kutia watu wasiwasi. Machi 31, siku tume ya serikali ilipokutana pale, ofisa mmoja alisema mbele ya kamera kwamba mitikisiko ile ni heri, kwa kuwa yapunguza nguvu iliyo chini. Hata akakubali kwa mzaha kwamba watu wakanywe divai yao. Desturi ya wazee wa pale ilikuwa kutoka na kulala uwanjani ardhi ikitikisika. Usiku wa kuamkia Aprili 6 ilitikisika tena, na jamaa za marehemu walieleza baadaye kwamba wapenzi wao walibaki ndani kwa sababu walikuwa wametulizwa. Saa tisa na nusu usiku nyumba zikaanguka. Watu 309 walikufa.

Oktoba 2012 watu saba, wakiwamo wataalamu, walihukumiwa kifungo cha miaka sita. Novemba 2014 mahakama ya rufani iliwaachia sita, na ofisa yule akapunguziwa adhabu ikawa miaka miwili. Sisi twaona rufani ilitenda haki, maana mtu hafungwi kwa kutojua lisilojulikana. Lakini mwenye kuwaambia watu "laleni salama" naye ametabiri, sawasawa na mwenye kuwaambia "kimbieni". Fundi wa radoni na ofisa wa divai, kwa maoni yetu, walikosa kosa moja, ijapokuwa mmoja alichekwa na mwingine akaaminiwa: kila mmoja aliwapa watu hakika asiyokuwa nayo. Mwenye dalili na aseme, lakini aiandike kabla, pamoja na mahali na siku, ahesabu na zile zilizopita bure, na shaka yake aitaje kwa sauti ileile anayotajia hofu yake.

China, ikishirikiana na Italia, ilirusha setilaiti ya kazi hiyo Februari 2018, na ya pili Juni 2025. Na waendelee. Hata hivyo, mkoani Kagera, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya kumi, na nyumba nyingi zikabomoka. Ukuta dhaifu hauhitaji chombo cha angani ili utambulikane. Fundi mwashi anaujua kwa kuutazama. Naye mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa mwenye nyumba amekwisha kununua matofali.