Je, Kuabudu Mungu wa Kike Kwampa Mwanamke Haki Yake?

Limeenea swali katika nchi za Ulaya na Marekani, na sasa lawafikia hata vijana wetu wasomao huko. Yasemwa ya kwamba asili ya mwanamke kudhulumiwa ni dini zimwitazo Mungu kwa neno la kiume. Kwamba mbinguni akikaa mfalme mwanamume, duniani kila mwanamume hujiona mfalme. Dawa, kwa rai ya wasemao hivyo, ni kuirudia miungu ya kike iliyoabudiwa na watu wa kale. Swali hili si la kuchekwa. Mwenye kuuliza habari ya dhulma ana haki ya kujibiwa, na jibu la insafu hupatikana kwa kuangalia mambo yalivyokwenda.

Na tuwatazame hao walioijaribu dawa hiyo. Uingereza ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735, ikafutwa mwaka 1951. Mwaka 1954 mtu aitwaye Gerald Gardner, aliyepata kuwa mtumishi wa forodha katika nchi ya Malaya, alitoa kitabu kueleza dini aliyodai kuwa ni ya kale, nayo leo hujulikana kwa jina la Wicca. Wataalamu wa tarikh waihisabu kuwa ni dini mpya, iliyoundwa katika karne ya 20. Wafuasi wake huabudu mungu wa kike pamoja na wa kiume, na kila kundi dogo huongozwa na kuhani mwanamke na kuhani mwanamume, na huyo mwanamke ndiye atangulizwaye. Mwenye kutazama kwa nje atasema: hapa basi mwanamke amefika.

Lakini sikiliza kisa cha Doreen Valiente. Bibi huyu aliingia katika dini hiyo mwaka 1953, akawa kuhani mkuu katika kundi la Gardner mwenyewe, na mengi katika maneno wayasomayo katika ibada zao yalitoka katika kalamu yake. Mwaka 1957 walikhitilafiana, kwani Gardner alipenda mno kujitangaza magazetini, na Valiente na wenzake wakataka ziwekwe kanuni za kulinda siri ya kundi. Gardner akawaletea waraka, akasema: kanuni zipo tangu kale, nazo ni hizi. Hawakupata kuziona kabla ya siku hiyo. Na ndani yake mlikuwa na sharti ya kwamba kuhani wa kike, ujana ukimpita, akiache kiti kwa upole, akipishe aliye mdogo kwake. Gardner wakati huo umri wake ulikuwa umepita miaka 70, na sharti la kumwondoa mwanamume mzee halikuwamo. Valiente na wenzake wakatoka, naye akakieleza kisa hicho mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1989.

Zingatia, ewe msomaji. Aabudiwaye ni wa kike. Maneno ya ibada ameyatunga mwanamke. Na kiti cha mbele amekalia mwanamke. Pamoja na hayo yote, siku aliyopinga, sheria ilitoka mkononi mwa mwanamume ikamwambia kuwa amezeeka.

Wengine wakaona kuwa dawa ni kuwatoa wanaume kabisa. Mwaka 1971, katika mji wa Los Angeles, Zsuzsanna Budapest alianzisha kundi la wanawake watupu. Hapana shaka wako waliopata humo nafasi ya kusema ambayo hawakuipata kwingine. Lakini mlango ukishawekwa hutaka bawabu, na mwaka 2011, katika mkutano mkubwa wa Wapagani katika mji wa San Jose, California, palizuka ugomvi mkali juu ya nani ahisabiwe mwanamke aingie, na nani arudishwe. Insafu yatutaka tuseme pia ya kwamba yako makundi yao ambayo wanaume na wanawake hushauriana kwa heshima, na walioikemea dhulma ndani ya dini hiyo wengi wao ni wafuasi wake wenyewe. Basi jema walipatalo walipata kwa kuhisabiana wao kwa wao. Halikuletwa na jinsi ya yule wamwabuduye.

Na watu wa kale wanaotamaniwa, walikuwaje? Mji wa Athens uliitwa kwa jina la mungu wao wa kike, ukamjengea hekalu kubwa juu ya kilima, na aliyemhudumia alikuwa kuhani mwanamke. Walakini katika baraza la mji huo, palipoamuliwa vita na kodi na sheria, mwanamke hakuwa na kauli hata moja.

Kisha tazama upande wa pili. Kanisa la Uingereza lilikubali mwaka 1992 kuwapa wanawake upadri, na wa kwanza wakapewa mwaka 1994. Mwaka 2012 jambo la uaskofu likashindwa kwa kura chache. Mwaka 2014 likapita. Na mwaka 2025 akateuliwa mwanamke, Sarah Mullally, kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hatusemi hapa kama hayo ni sawa au si sawa katika dini yao. Twatazama sababu tu. Mungu wao humwita Baba, jana na leo, na kitabu chao ni kile kile. Kilichogeuka ni uamuzi wa watu wenye mamlaka ya kuamua.

Na sisi twenye kusema Kiswahili tuna ushahidi vinywani mwetu. Lugha yetu haina neno la kiume la kumtaja Mwenyezi Mungu. Twasema "Yeye", na neno hilo hilo twamwambia mwanamume na mwanamke. Na itikadi yetu ni kuwa Mola si mume wala si mke, wala hafanani na chochote. Lau neno ndilo liletalo haki, basi mwanamke wa Pwani angekuwa na haki zaidi ya wanawake wote wa Ulaya. Je, ndivyo ilivyo?

Hapa ndipo swali la wenzetu linapotugeukia. Waswahili husema nyani haoni kundule, nasi tusiwe hivyo. Khaula binti Thaalaba alipokwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia mumewe, aliyemfananisha na mgongo wa mamake, alijadiliana wala hakunyamazishwa. Iliteremka sura ya 58, ikaitwa kwa ile hoja yake, na desturi ile ya kijahili ikabatilishwa. Valiente alipopinga, sheria ilikuja kumtoa. Khaula alipopinga, sheria ilikuja kumsikiliza. Basi dada yako akilalamika nyumbani, hukutana na ipi katika hizi mbili?

Mfano ulio dhahiri ni mirathi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imemwekea mwanamke fungu lake, mali iwe kidogo au nyingi, na imeliita fungu la fardhi. Lakini ni nyumba ngapi katika miji yetu ambazo baba alikufa miaka 20 iliyopita, na mpaka leo ndugu wanaume ndio wapokeao kodi? Dada akiuliza, huambiwa: "Nyumba ya wazee haiuzwi." Au: "Wewe una mumeo." Au huambiwa asiwavunjie ndugu heshima, naye kwa haya hunyamaza, kisha kunyamaza kwake kukaitwa ridhaa. Ridhaa ya mtu aogopaye kukatwa na nduguze si ridhaa.

Atasema msemaji: nyinyi wenyewe sheria yenu yampa binti nusu ya fungu la nduguye. Twamjibu: sheria hiyo hiyo imemtwika mwanamume mahari na nafaka, na mali ya mwanamke ni yake mwenyewe, hatakiwi kumlisha mtu. Mwenye kupima na apime vyote viwili. Lakini jibu hili lina upande wa pili, nao watuchoma sisi. Mwanamume apokeaye mafungu mawili kwa ajili ya mzigo, kisha mzigo akautupa, dada yake mjane akahangaika na mayatima wake naye yu macho, huyo ataitoa wapi hoja? Ameila hikima ya sheria, kisha aitumia kuwa ngao.

Na kama mali, ndivyo ilivyo elimu. Karima al-Marwaziyya, aliyekufa mwaka 463 wa Hijra, alisomesha Sahihi ya Bukhari Makka, na maulamaa wakubwa, miongoni mwao Al-Khatib al-Baghdadi, walisoma mbele yake. Leo binti yetu akihitimu chuoni hupewa zawadi, kisha darasa likafungwa. Asiyejua fungu lake kitabuni atalidai vipi mbele ya nduguye?

Basi enyi ndugu, tusitosheke na kuwashinda wengine kwa maneno. Asiye na sheria ya haki ana udhuru kidogo. Aliye nayo akaificha hana. Maiti akishazikwa na madeni yake yakalipwa, mali na iandikwe mbele ya warithi wote, wake kwa waume, na kila mmoja atajiwe fungu lake kwa kinywa, kabla ya kuulizwa kama apenda kusamehe. Wakikhitilafiana, iko mahakama ya Kadhi, iliyothibitishwa na katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na dada aendaye huko asihisabiwe mwasi, kwani aitafuta hukumu ya Mola wake. Na ambaye sasa anakaa katika nyumba ambayo sehemu yake ni ya dada yake, na amwendee wiki hii, wala asingoje kushitakiwa.