Mkuku na Chasisi

Maji yakitoka asubuhi, ufukwe wa Bagamoyo jirani na soko la samaki huwa na sauti mbili kubwa: ya wanadi na ya nyundo za mafundi mashua. Siku moja nilisimama kwa fundi aliyekuwa amelaza mashua ubavu mchangani, anatia kalafati. Anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaipenyeza kati ya ubao na ubao, anaigonga kwa patasi hadi mwanya uzibe. Chombo kile kiliundwa kwa ajili ya tanga. Siku hizi kinakwenda kwa mashine, nayo mashine ilikuwa mpya, imefunikwa turubai pembeni. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini anamalizia siku nzima kwenye mbao ilhali mashine ndiyo inayosukuma. "Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "maji yanaingilia huku chini."

Neno lake hunijia kila ninaposikia habari za magari ya zamani yanayotolewa injini na kutiwa mota ya umeme. Kwa jirani zetu wa Nairobi, Opibus, kampuni iliyoanza 2017 na tangu 2022 kuitwa Roam, ilijulikana mwanzoni kwa kuyageuza hivyo magari ya kubebea watalii. Serengeti nako magari ya namna hiyo yameshaingia, yanamkaribia simba bila kunguruma. Injini inashushwa, tangi la mafuta linaondoka, betri zinapangwa kwenye nafasi zilizoachwa wazi, mota inaungwa, mara nyingi kwenye giaboksi ileile ya zamani. Hata breki hufikiriwa upya, kwa kuwa gari lililozoea kusaidiwa na mvuto wa hewa wa injini sasa linahitaji pampu yake.

Wapo wanaoona huko ni kuua kumbukumbu. FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kale, lilitamka mwaka 2019 kwamba gari likishageuzwa hivyo halihesabiwi tena kuwa la kihistoria, likashauri angalau mabadiliko yawe ya kuweza kurudishwa. Siwabezi. Huku kwetu, njia ya Kiwangwa na Msata, wapo watu wazima ambao utotoni walijua baba amerudi kwa mlio wa Land Rover, kabla taa zake hazijatokeza kwenye kona. Mlio ule ukiondoka, kilichobaki uani ni gari la baba, au ni bodi yake tu? Lakini pwani hii ilishajibu swali kama hilo kwa upande wa bahari. Tanga liliposhushwa na mashine ikafungwa, hakuna aliyesema mashua imekufa. Tena mafuta ya gari la baba huja kwa meli kutoka mbali; umeme tunaufua wenyewe, na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Kwangu mimi, heri gari la baba liende kimya kuliko lioze likisubiri vipuri.

Kinachonitia shaka ni uaminifu wetu. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, chuma kikiwa adimu baada ya vita, na kwa hiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Ndiyo maana upepo wa chumvi unaitendea hila: bodi inabaki inang'aa, mkono ukipita juu yake unateleza, huku chini chasisi inaliwa polepole hadi bisibisi inapenya. Gari la hivyo ukilipaka rangi na kulijaza betri nzito, litapigwa picha na kusifiwa, na abiria wataketi juu ya kutu. Ni mara ngapi tumefanya hivyo hivyo, na si kwa magari peke yake? Fundi wa kweli huanzia pasipopigwa picha, na mwenye mali wa kweli hukubali kulipia kazi ambayo wageni wake hawataiona. Yule mzee wa ufukweni alianza na mkuku, akaja kwenye mataruma, ndipo akafika kwenye mbao, mashine ilingoja.

Basi, wewe uliyerithi gari la mzee wako na unawaza kulitia umeme, kabla hujauliza bei ya betri, tandika jamvi, ingia chini yake, uigonge chasisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma.