Shimo Lisilofunikwa



Juzi kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Mbagala tulikuwa tunapanga usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kijana mmoja akauliza, nusu utani: "Hivi kutupa betri ya tochi nayo ni dhambi ya kuungama?" Watu wakacheka. Mimi nikaondoka na swali lile, na leo nataka tulijibu pamoja.

Fungua Kutoka 21:33-34. Sheria ile inasema mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Angalia vizuri: hakumsukuma mnyama. Pengine alikuwa amelala zake nyumbani. Lakini hatari ilitoka mkononi mwake, akaiacha wazi, akaenda zake. Mbele ya Mungu, kusema "sikukusudia" hakukumwondolea deni.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Kwenye kiroba kimoja cha taka tunachanganya maganda ya ndizi na betri za redio, sindano za bibi mwenye kisukari, vidonge vilivyopitwa na muda, chupa ya dawa ya panya, tyubulaiti iliyoungua. Guta likipita tunatoa kiroba, tunalipa ada, tunasema taka zimeondoka. Jamani, zimeondoka kwenda wapi?

Zimekwenda kwenye mikono ya mtu. Yule kijana wa guta anapanga taka, mara nyingi bila glavu. Mama anayeokota chupa anafungua kiroba kabla gari halijafika. Sindano yako inamngoja yeye. Tyubulaiti ikipasuka inatoa mvuke wa zebaki. Betri ya gari, na mara nyingi ya sola pia, ina asidi na madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo wake taratibu, bila kelele.

Historia ya jiji letu inafundisha hilo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Baada ya muda dampo likafika Vingunguti, baadaye Mtoni huku Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Haki yao ilikuwa haki kweli. Lakini ona: dampo lilihama, na kila lilipofika lilikuta watu. Hakuna mahali panapoitwa "mbali". Pana jirani tu ambaye hatujamwona sura.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, namba 21, anapozungumzia taka za sumu anazitaja za majumbani pamoja na za hospitali, za elektroniki na za viwandani. Kwa hiyo tusinyoshee viwanda tu kidole. Na katika Nakuungamia, tunapoisali kwenye Misa, tunataja pia kutotimiza wajibu. Mimi naamini shimo lisilofunikwa linaingia hapo.

Basi tulifunikeje? Nimewaomba wenzangu wa jumuiya tuanze na haya, na wewe unaweza kuanza leo:

Sindano ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zipelekwe kituo cha afya. Dawa za zamani, muulize mfamasia au mhudumu wa afya pa kuzirudisha, usizimwage chooni. Betri ndogo zikae kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na watoto. Betri kubwa muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Usiipasue, usimwage asidi yake mtaroni. Kopo la dawa ya mbu la kupuliza usilitupe motoni, linalipuka. Chupa ya sumu isitumike tena kuwekea maji wala mafuta. Na unapomkabidhi mzoa taka kitu cha hatari, kitenge, mwambie: "Kaka, humu kuna vioo, angalia mikono." Neno hilo moja ni upendo kwa jirani.

Ndoo zikijaa, twende pamoja ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza zipelekwe wapi. Tukijibiwa kwamba hakuna mahali, hapo ndipo kazi yetu inaanza: kuandika barua, kurudi tena, kudai mahali. Watu wa Tabata hawakukaa kimya, na sisi tusikae. Ila tudai pa kuziweka salama, sio pa kuzisogeza kwa wengine.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, jibu langu ni hili: betri ni kitu kidogo, lakini anayeiokota ni mtu, na Kristo amesema lolote tunalomtendea mdogo huyo tunamtendea Yeye.

Tuombe. Ee Bwana, utufungue macho tumwone anayepokea tunachokitupa, na utupe mikono ya kufunika mashimo yetu kabla mtu hajatumbukia. Amina.