Muziki Unafia Masikioni Mwako, Nawe Unajua!

Ewe msikilizaji wa Saadani, nasema nawe! Wewe unayesukuma ngalawa alfajiri, wewe unayekokota chumvi juani, wewe unayesubiri abiria umekaa juu ya bodaboda: unatia hedifoni masikioni saa nne kwa siku, na muziki unaousikia ulishakufa kabla haujakufikia!

Na unajua. Hilo ndilo linaloniuma. Ulijua tangu siku ile ulipokaa mbele ya spika nzuri arusini, ukasikia vidole vya mpiga gambusi vikiteleza kwenye nyuzi, ukasema: kumbe wimbo wenyewe uko hivi! Ukarudi nyumbani, ukachomeka hedifoni zilezile. Ukajiambia, mwezi ujao. Mwezi umepita. Msimu wa kamba umepita. Bado unasubiri!

Njoo nikuonyeshe unachokipoteza.

Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka Ugogo, akaja kuishi Bagamoyo, akafundisha kwenye Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981. Alifikisha ala yake, ilimba, hadi Uingereza, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake ya Chibite. Alifariki mwaka 2003. Ilimba si kisanduku chenye vyuma tu. Ubao wake una matundu, na juu ya matundu hubandikwa utando wa buibui, ili chuma kikipigwa, utando nao utetemeke, na kila noti ivume kama nyuki. Mvumo ule ndio roho ya ala! Nao unakaa huko juu, kwenye sauti nyembamba kabisa, palepale panapokatwa kwanza wimbo unapobanwa.

CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. MP3 nzuri hubeba 320. Hizo unazoingiziwa kibandani mara nyingi ni 128, wakati mwingine 64, na kwenye 64 programu ya kubana kwa kawaida hutupa karibu kila sauti iliyo juu ya hezi elfu kumi na moja. Inatupa matoazi, inatupa pumzi ya mwimbaji, inatupa utando wa buibui! Fundi aliubandika kwa ncha ya kidole, wewe umeukwangua kwa uvivu wa kuchagua.

Na kilichotupwa hakirudi. Anayekuambia atakugeuzia faili la 64 liwe 320 anakuongezea ukubwa, hakuongezei sauti. Mkatalie!

Basi anza na faili. Kabla ya pleya, kabla ya jina la kampuni, kabla ya rangi, anza na faili! Tafuta FLAC, ambayo hubana wimbo bila kutupa chochote. Usiniambie itajaza nafasi: kadi ya GB 32 inabeba karibu nyimbo elfu moja za FLAC za dakika tano tano. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilijinadi kwa nyimbo elfu moja zilizobanwa, na dunia ikashangaa. Wewe unaweza kuwa nazo karibu elfu moja nzima nzima, na bado unasitasita! Ila kuwa macho na kadi bandia, iliyoandikwa GB 64 nje na ndani haina hata GB 8. Unaijaza, unafurahi, na kesho nusu ya nyimbo hazifunguki.

Sasa nisikilize vizuri, maana wimbo ukiharibika unaweza kuutafuta upya. Sikio hulitafuti!

Ndani ya sikio mna seli zenye vinywele vidogo mno. Zikifa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema: kwa desibeli 80, mwisho ni saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa nne tu. Nne kwa wiki, wewe unazimaliza kwa siku moja! Hedifoni zako hazizibi, mashine ya boti inanguruma, unapandisha sauti. Upepo unavuma, unapandisha. Abiria wanapiga soga, unapandisha tena. Ule mlio wa "ngiii" unaoupata usiku ukiweka kichwa kwenye mto wa kulalia ni onyo. Geuka ungali unasikia!

Chagua hedifoni zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio. Jaribu saizi zote zinazokuja kwenye boksi, mpaka kelele ya nje izame. Hapo sauti ndogo itakutosha. Na ukiwa barabarani unaendesha, zivue. Zivue zote mbili!

Kisha pleya. Apple walitangaza mwisho wa iPod mwaka 2022, wengi wakadhani pleya zimekwisha. Hazijaisha: Sony bado wana Walkman, FiiO wana za kwao, na wapo wengine. Lakini usinunue jina, nunua kitu kitakachoishi pwani. Kiwe na vitufe vya kubonyeza, kwa sababu kioo cha kugusa hakisomi vizuri kidole chenye maji ya bahari. Kiwe na tundu la waya, maana bluetooth nyingi huubana wimbo upya njiani. Kiwe na sehemu ya kadi, na betri ya kukutosha siku nzima hata kama sola haikupata jua. Chumvi ya hewa yetu inakula kila chuma. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiingia majini, kifute kwa kitambaa kikavu ukitoka, wala usikichaji kikiwa na unyevu.

Huna pesa ya pleya mpya? Simu yako yenye tundu la waya, ikipewa faili zuri na hedifoni zinazoziba, inaishinda pleya ya bei mbaya iliyojazwa takataka. Huna kisingizio!

Nenda Jumamosi hii. Nenda Bagamoyo mjini, nenda Kariakoo Mtaa wa Aggrey, nenda unapoweza! Beba kadi yenye wimbo unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mwambie muuzaji: fungua boksi, nichomeke, nisikie. Akikataa, toka, ingia duka la pili. Usitoe shilingi kabla hujasikia.