JE, IKO DHAMBI ISIYOSAMEHEWA?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba za waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tulipokuwa Nairobi tulisali Ijumaa moja Kibera, katika mtaa wa Makina, kwa ndugu zetu Wanubi, ambao ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliokalishwa katika msitu ule na serikali ya Kiingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Baada ya sala, mzee mmoja katika wao alituletea mtu wa makamo, fundi seremala, akaaye Kawangware. Mtu huyo ni Mkristo wa kuzaliwa. Akaketi mbele yetu, akanyamaza kwa muda, kisha akatueleza khabari yake.

Mwaka 2007 alikuwa akikaa Kibera. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Disemba, fitina iliwaka. Soko la Toi liliteketezwa, reli iling'olewa, na jirani alimgeukia jirani kwa ajili ya kabila lake. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika Kenya nzima kwa sababu ya fitina ile. Mmoja wa waliouawa alikuwa jirani wa mtu huyu, fundi wa kushona nguo. Mtu huyu alikuwemo katika kundi lililompiga hata akafa. Na walipotawanyika, yeye alichukua cherehani ya maiti, akaiuza.

Tangu siku hiyo, alisema, hakupata usingizi wa raha. Alimwendea mhubiri mmoja akamwambia, na mhubiri akamjibu kuwa dhambi yake ndiyo ile isiyosamehewa iliyotajwa katika Injili. Miaka ikapita. Akamwendea Mwislamu mmoja katika jirani zake, akidhani kuwa huenda kwetu akapata mlango, naye akamwambia kuwa muuaji hana toba, makazi yake ni Motoni milele. Akatuuliza: "Masheikh wangu, milango miwili nimeikuta imefungwa. Je, uko wa tatu?"

Ndugu zetu wasomaji, suala hili halikutokea Pwani, lakini latuhusu, kwa kuwa mmoja wa waliofunga milango ile ni mwenzetu. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulieleza.

Tuanze na walisemalo Wakristo, na tuwafanyie uadilifu, tuseme yale wanayoyasema wenyewe. Maneno ya dhambi hiyo yamo katika Mathayo mlango wa 12, Marko mlango wa 3, na Luka mlango wa 12. Kisa chake katika Marko ni kuwa waandishi waliotoka Yerusalemu walimwona Nabii Isa (A.S.) akitoa pepo, wakasema kuwa awatoa kwa nguvu za mkuu wa pepo. Hapo akawaambia maneno ambayo maana yake ni kuwa madhambi yote ya wanadamu yatasamehewa, na makufuru yao pia, ila kumkufuru Roho Mtakatifu.

Wanavyuoni wao wamekhitalifiana katika maana yake. Wako wasemao kuwa dhambi hiyo iliwahusu khasa wale waliouona muujiza kwa macho yao wakauita kazi ya Shetani. Wako waliosema, kama Calvin aliyekufa mwaka 1564, kuwa ni kuipiga vita haki kwa kusudi baada ya kuijua moyoni kuwa ni haki. Na Augustine, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyekufa mwaka 430, alisema kuwa ni moyo kushupaa na kukataa kutubia mpaka mauti. Kauli ya Wakatoliki mpaka leo iko karibu na hiyo. Katika Katekisimu yao ya mwaka 1992 wameeleza kuwa rehema ya Mungu haina mpaka, bali mtu ndiye ajinyimaye kwa kukataa kutubia. Na wengi katika wachungaji wao humwambia mwenye khofu ya kuwa ameifanya dhambi hiyo kwamba khofu yake ni dalili ya kuwa hakuifanya.

Angalia basi, ewe msomaji. Katika kauli zote hizi haimo kuua. Na Paulo, ambaye wao wamfuata, imeandikwa katika Matendo ya Mitume kuwa aliridhia kuuawa kwa Stefano, na wao waamini kuwa alisamehewa. Mhubiri yule basi alimhukumu mtu kwa hukumu isiyokuwamo hata katika kitabu chake mwenyewe.

Na sisi je? Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratun Nisaa, aya ya 48 na ya 116, kuwa hasamehe kushirikishwa, na husamehe yasiyokuwa hayo kwa Amtakaye. Wanavyuoni wetu wamebainisha kuwa hiyo ni kwa mwenye kufa juu ya shirki bila ya kutubia. Ama aliye hai akatubia, hata shirki husamehewa. Kwani Masahaba wangapi walikuwa wakiabudu masanamu kabla ya kusilimu! Na katika Suratuz Zumar, aya ya 53, Amewaita waja Wake waliojidhulumu nafsi zao, Akawakataza kukata tamaa na rehema Yake. Mlango haufungwi ila roho ifikapo kooni, au jua litakapochomoza kutoka magharibi.

Ama kuua nafsi bila ya haki, hilo ni katika madhambi makubwa mno. Katika Suratun Nisaa, aya ya 93, mna makamio mazito kwa mwenye kumuua muumini kwa kusudi, na imepokewa kauli ya Ibn Abbas kuwa muuaji huyo hana toba. Lakini jamhuri ya wanavyuoni wamesema kuwa anayo, kwa dalili ya Suratul Furqan, aya ya 68 mpaka 70, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja shirki, na kuua, na zinaa, kisha Akamtoa katika adhabu mwenye kutubia, akaamini, akatenda mema. Na imepokewa pia kuwa Ibn Abbas aliulizwa na mtu mmoja kama muuaji ana toba, akamjibu kuwa hana. Wenzake walipostaajabu, akasema kuwa alimwona mtu yule ana ghadhabu, ataka kwenda kuua.

Hapa ndipo penye fahamu. Makamio ni ya kumzuia aliyenyanyua mkono. Matumaini ni ya kumrudisha aliyekwisha kuuteremsha. Sisi twayageuza. Uchaguzi ukikaribia, na vijana wakitiwa chuki na silaha mikononi, twanyamaza, au twasema kwa sauti ndogo; ndivyo ilivyokuwa 2007, na ndivyo ilivyokuwa 2017, maduka yalipochomwa Kawangware baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba. Kisha damu ikisha kumwagika na muuaji akaja akilia, ndipo twamsomea makamio.

Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim mna hadithi ya mtu wa kale aliyeua watu 99, akamwendea rahibu mmoja akamuuliza kama ana toba. Rahibu akasema, hana. Akamuua naye, wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni, naye akamwambia kuwa hakuna awezaye kumzuilia toba, ila auhame mji wake mwovu aende kwa watu wema. Akafia njiani, na Malaika wa rehema wakamchukua. Kumbe ibada pasipo elimu humfungia mtu mlango Alioufungua Mola wake! Na rahibu yule aweza kuvaa joho, na aweza kuvaa kanzu.

Lakini mtu asidhani kuwa toba ni maneno ya ulimi. Muuaji ana haki tatu juu yake: haki ya Mwenyezi Mungu, haki ya warithi, na haki ya aliyeuawa. Ya kwanza huondoka kwa kujuta na kuacha na kuazimia kutorudi. Ya pili haiondoki mpaka ajitoe mbele ya warithi na mbele ya hukumu, wadai haki yao au wasamehe. Ya tatu hukaa mpaka Siku ya Kiyama, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayemridhisha aliyeuawa. Na mali iliyochukuliwa hurudishwa.

Kwa hivyo hatukumwambia mtu yule, "Umesamehewa," kwa kuwa hilo si letu kulisema. Wala hatukumwambia aingie Uislamu ili akimbie deni. Tulimlingania kwa Mola mmoja asiyekuwa na mshirika, tukamwambia kuwa mlango ni mmoja tu, na uko wazi. Ila kizingiti chake ni mlango wa mjane wa jirani yake. Aende na watu wazima wanaoaminika, aseme kweli yote, arudishe thamani ya cherehani, na hukumu ya serikali ikimjia asiikimbie.

Baada ya miezi, mzee wetu wa Makina alituletea khabari. Mtu yule alikwenda. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akapokea fedha za cherehani, akamwambia kuwa kusamehe hawezi, na kuwa atawauliza wanawe la kufanya. Mtu yule sasa angojea jawabu lao, na hakuhama nyumba yake. Na kila Ijumaa, mzee asema, huja akaketi nje ya msikiti, akisikiliza khutba.

Basi ndugu zetu, asimkatishe mtu tamaa yeyote katika sisi. Na aliye na haki ya mtu mkononi, hata ikiwa ni ndogo, airudishe leo kabla hajaulizwa.

Ewe Mola wetu, tulinde na damu za watu na mali zao, na utufishe hali ya kuwa tumekwisha kutubia. Amin.