Kuona Aibu ya Kazi Si Kuijua Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu akakitengeneza vizuri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, mmoja katika wenzako ametuletea suali ambalo ukiliangalia juu juu utaliona dogo. Asema kuwa marehemu babu yake alikuwa mwindaji mwenye leseni, kabla ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na katika vitu alivyowacha ni kichwa cha choroa kilichokaushwa na kutundikwa ukutani. Ngozi ilipoanza kupasuka walikipeleka kwa fundi wa kazi hiyo, wakamlipa ujira wake kamili. Kiliporudi, jicho moja liko juu kuliko jingine, sikio limepinda, na mshono wa shingo waonekana tangu mlangoni. Sasa ataka kukifungua akitengeneze mwenyewe, na kazi hiyo hajapata kuishika maisha yake. Auliza: Je, ni haki yake kufanya hivyo?

Nimeona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwani choroa ni mfano tu. Nani kati yetu hajaletewa mlango uliokwenda kombo, au kanzu iliyobana mabega, au msahafu uliojalidiwa kurasa zikapinduka? Na nani hakusema moyoni mwake: Lau ningefanya mwenyewe ingekuwa bora kuliko hivi? Katika maneno hayo ndimo limo jambo letu.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Mnyama wa halali akiwindwa kwa njia ya sharia akachinjwa, ngozi yake, nywele zake na pembe zake ni tohara. Ama ngozi ya nyamafu, hiyo husafika kwa kutiwa dabghi, kama tunavyojifunza katika kisa cha mbuzi wa Bibi Maimuna, isipokuwa ya mbwa na nguruwe katika madhehebu yetu ya Shafi. Na nywele zake, kwa kauli iliyo mashuhuri, hazisafiki kwa dabghi. Ngozi za wanyama wakali, kama chui, Mtume (s.a.w.) amekataza kuzitandika. Katika kuweka mnyama aliyekaushwa kuwa ni pambo, wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana: wako walioona kuwa si sura iliyochongwa na mkono wa mtu, na wako waliokataza kwa kuchelea israfu na mengineyo. Mwenye kuchukua hadhari amesalimika. Na juu ya hayo iko sheria ya nchi: nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, mwenye kuweka kitu kama hicho ahitaji kibali, na babu kuwa na leseni hakumtoshi mjukuu.

Lipo na jambo la pili ambalo muulizaji hakulitaja. Kichwa hicho ni cha nani? Babu amekufa; basi alichokiacha ni mirathi. Ikiwa hakikugawanywa, kina fungu la shangazi, la ami, na pengine la yatima. Mtu haruhusiwi kujifunzia ufundi juu ya mali ya mwenziwe bila ya idhini yake, hata akiwa na nia njema kama maziwa. Nia njema haimlipi yatima fungu lake.

Sasa tuje kwa fundi. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya dhamana ya fundi kwa mali iliyoharibika mkononi mwake. Imepokewa kwa Sayyidna Ali (r.a.) kuwa aliwadhaminisha mafundi, na katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kuwa hadhamini ila akifanya uzembe. Lakini hakuna khitilafu kuwa aliyezembea au aliyepita mpaka ana dhamana. Basi wewe una haki ya kumrudia na kumwambia: Ndugu yangu, kazi hii haiko kama tulivyoagana. Umwambie yeye, tena faraghani, kabla ya kulieleza baraza zima. Huenda akatengeneza. Huenda akakwambia kuwa ngozi ilikuwa kuukuu, imekwisha kukauka na kuvutana, na kwamba hapana mkono wa mtu ungeirudisha ilivyokuwa. Hapo yakupasa kusikiliza, kwani pengine ulichokitarajia ni kumwona babu akirudi, na hilo halimo katika ujira aliolipwa.

Lakini ukikifungua wewe kwanza, umejidhulumu. Baada ya mkono wako kuingia, nani atajua lipi ni kosa lake na lipi ni lako? Mafakihi wamesema kuwa mnunuzi akitia aibu mpya katika kitu chenye aibu, haki yake ya kukirudisha kwa nguvu huondoka. Hekima yake ni wazi: ushahidi umechanganyika. Na mbaya zaidi, utakwenda ukimsema fundi kwa ubaya ambao baadhi yake umeufanya wewe.

Sasa tufike kwenye kiini. Msomaji, kuona aibu ni jambo moja, na kuiondoa ni jambo jingine. Macho yote yaona kuwa jicho la choroa liko juu. Hata mtoto wa chuoni aliona. Lakini kwa nini liko juu? Jicho lenyewe ni gololi ya kioo iliyokaa juu ya udongo, na sura yake yote imo katika kope zilizolizunguka. Kope zikisha kukauka hazisogei. Ukizilazimisha hupasuka, na kuzilainisha kwa maji ni elimu peke yake, kwani maji yakizidi ngozi huoza na nywele hunyonyoka. Yule aliyekosea alikosea akiwa na miaka ya kazi. Wewe utaingia na nini?

Katika ngome ya Gripsholm, nchini Sweden, yuko simba aliyetolewa zawadi na mtawala wa Algiers kwa mfalme Fredrik wa Kwanza mwaka 1731. Alipokufa akajazwa, na aliyemjaza haonekani kuwa alimjua simba, kwani macho yake yatazama mbele kama ya binadamu, na ulimi umetoka nje. Na London, katika jumba la makumbusho la Horniman, yuko mnyama mkubwa wa bahari ya barafu aitwaye walrasi, ambaye ngozi yake kwa kawaida ina mikunjo mingi. Waliomjaza katika karne ya 19 hawakupata kumwona akiwa hai, wakaendelea kumjaza mpaka mikunjo yote ikatoweka. Wote wawili wamewachwa vile vile, na watu wengi wamekwenda kuwatazama. Mafundi hao hawakukosa sindano wala uzi. Walilolikosa ni kumjua yule aliye hai. Ndiyo maana Mmarekani Carl Akeley, aliyefia milima ya Kongo mwaka 1926, alijulikana kwa kumchunguza mnyama na misuli yake kwanza, akaliunda umbo, kisha ndipo akalivika ngozi. Basi muulizaji wetu ajiulize: choroa aliye hai amemtazama mara ngapi, na kwa muda gani?

Tena iko khatari isiyoonekana. Ngozi za zamani zilikuwa zikipakwa dawa ya kuzuia wadudu yenye sumu ya aseniki. Dawa hiyo ilitungwa na Mfaransa Bécoeur wa mji wa Metz katika karne ya 18, na ikaendelea kutumika mpaka ndani ya karne ya 20. Sumu hiyo haiondoki kwa kupita miaka. Mwenye kufungua kichwa cha zamani sebuleni, watoto wakicheza chini yake, huenda akawapa vumbi la mauti kwa ajili ya kunyosha sikio. Na dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kudhuru wenziwe. Kabla ya kukigusa, na kionwe na mjuzi.

Je, twamkataza mtu kujifunza? Hasha. Kila fundi alikuwa mwanafunzi, na Mwenyezi Mungu apenda mtu aifanye kazi yake kwa utimilifu. Lakini njia ya kujifunza ina mlango wake. Mwenye kuitaka kazi hii na aanze kwa ngozi isiyo na thamani kwa mtu. Ngozi ya mbuzi wa Idi, ikiwa udhuhiya ni wa sunna, haiuzwi, lakini mwenyewe aruhusiwa kuitumia. Na aitie dabghi, aikate, aishone, aiharibu, aanze tena. Na akae mbele ya fundi, kwani kuuliza si ujinga. Kisha, wenye mali wakiridhia, sheria ikiruhusu na khatari ikiwa haipo, afanye lile ambalo laweza kuondolewa likiwa baya: kupangusa vumbi kwa brashi laini kwa kufuata njia ya nywele, kuziba ufa mdogo na kuupaka rangi. Lisiloweza kurudishwa, kama kukata mshono na kuvua ngozi, aliwache.

Na kipimo hiki, ndugu msomaji, ukichukue uende nacho mbali zaidi ya ukuta wa sebule. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ana dhamana ya alichokiharibu. Leo tuna vijana ambao jawabu ya sheikh haikuwaridhi. Pengine wana haki, kwani masheikh nao hukosea. Lakini badala ya kumrudia, au kwenda kwa aliye mjuzi zaidi, kijana hufungua kitabu peke yake, akachana hapa na kushona pale, kisha akatoa fatwa ya talaka usiku mmoja. Ngozi ya choroa ikipasuka, hasara ni ya ukuta. Nyumba ya watu ikipasuka, ni nani atakayeishona?

Basi jawabu yetu kwa muulizaji ni hii. Ukasirike kwa haki, umrudie fundi kwa adabu, uwatake idhini warithi, utafute kibali, uiogope sumu, na ujifunzie juu ya ngozi yako mwenyewe. Ukishayafanya hayo yote, na ukaona kuwa sikio lililopinda bado lakuudhi, huenda wakati huo ukamjua vyema yule fundi uliyemlaumu, na ukajua ugumu wa kazi aliyokuwa nayo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.